Mkono Unaoweza Kliniki Halafu Ukalala Nyumbani: Namna ya Kuvusha Nafuu ya Mazoezi Hadi Kwenye Maisha

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha mazoezi, namwangalia mama yangu akihamisha vipande vya mbao kwa mkono wake wa kushoto. Anaokota kipande, anakivusha juu ya ubao wa kati, anakiachia upande wa pili. Dakika moja ilipoisha alikuwa amevusha vipande 24. Miezi minne kabla yake, wiki chache baada ya kiharusi, alivusha vitatu. Mtaalamu aliyekuwa akimhudumia alipiga makofi, na mimi machozi yalinilengalenga. Mimi mwenyewe ni mtaalamu wa fiziotherapia, mwaka wa 17 sasa, na najua kipande cha nne kinavyomtoa mtu jasho.

Jioni ile ile nyumbani, Mama alifungua mlango, akavua viatu, akawasha taa, akamimina maji, akanywa, akafuta meza, akaketi. Yote kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa kuushikilia. Nikachukua karatasi, nikaanza kuhesabu. Kwa saa nzima mkono ule ulifanya kazi mara mbili: mara moja kuvuta shuka, mara moja kushika ukingo wa kiti alipoinuka.

Nikamuuliza, "Mama, mbona mkono wa kushoto huutumii?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, si nimeutumia leo asubuhi kule kwenye mazoezi?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Kwa Mama, mkono wa kushoto ulikuwa na saa zake na mahali pake, kama mtu aendavyo kazini akarudi. Nami kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaruhusu wagonjwa wangu waende nyumbani nikiangalia namba za kwenye faili, bila kujua kama zile namba zimewahi kuvuka kizingiti cha mlango wao. Ninayoyaandika hapa nimeyajaribu na Mama na baadaye na wagonjwa wengine. Mengi yanahusu mkono baada ya kiharusi, maana ndiko ninakofanyia kazi zaidi, ila sehemu ya kutembea iko mbele.

Kuweza na kutumia

Shirika la Afya Duniani, katika mfumo wake wa uainishaji wa ulemavu na afya uliotoka mwaka 2001, linatenganisha mambo mawili: kile mtu anachoweza kufanya akiwekwa kwenye mazingira ya kipimo, na kile anachofanya hasa kule anakoishi. Vipimo vyetu vingi vya kliniki vinapima lile la kwanza. Vipande vya mbao, kuinua mkono hadi usawa wa bega, kubana kidole gumba na cha shahada, vyote vinauliza "unaweza?" Ni swali la msingi, kwa sababu mkono usioweza hauna cha kupeleka nyumbani. Kosa ni kulichukua jibu lake kama jibu la swali la pili.

Je, nafuu ya mazoezi huvuka? Wakati mwingine, na mara nyingi pungufu ya tunavyotarajia. Mfano ninaourudia kwa wenzangu ni wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, wakiongozwa na Catherine Lang. Waliwachukua watu waliokuwa wamepita miezi 6 au zaidi tangu kiharusi, wakawafundisha mkono kwa wiki 8. Makundi matatu yalipangiwa marudio 3,200, 6,400 na 9,600, na la nne liliendelea kadiri kila mtu alivyozidi kupata nafuu. Alama za kliniki zilipanda. Kisha wakaangalia vihisi, vifaa vidogo vya kurekodi mienendo, ambavyo watu hao walivaa kwenye vifundo vya mikono yote miwili wakiwa kwenye shughuli zao za kawaida, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yakaonyesha kwamba kwa jumla matumizi ya mkono nje ya kliniki hayakubadilika. Nilipousoma utafiti ule mara ya kwanza nilimkumbuka Mama na shuka lake.

Lakini upo ushahidi wa upande wa pili, na ndio unaonipa matumaini. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza na nyani waliokatwa mishipa ya fahamu inayoleta hisia kutoka mkono mmoja. Nyani hao waliuacha kabisa mkono ule ijapokuwa misuli ilikuwa bado inaweza kuusogeza. Ulipofungwa mkono mzima, yaani ule wenye afya, walianza kuutumia ule waliouacha. Taub alieleza kwamba mnyama alijaribu mwanzoni, akashindwa, akaangusha chakula, akaumia, na polepole akajifunza kutojaribu. Nguvu iliporudi, tabia ya kutojaribu ilikuwa imeshaota mizizi. Kwa binadamu ni vivyo hivyo: wiki za mwanzo mkono umelala kweli, na mtu mwenye akili zake anatumia ule unaofanya kazi. Miezi mitatu baadaye mkono umeamka, ila hakuna aliyemjulisha mwenyewe.

Kutokana na hilo ikazaliwa tiba ya kuuzuia mkono mzima ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006 ulifanyika kwa watu 222 waliokuwa kati ya miezi 3 na 9 baada ya kiharusi: wiki 2, glavu nene kwenye mkono mzima kwa muda mwingi wa kuwa macho, na mazoezi ya hadi saa 6 kwa siku. Mwaka mmoja baadaye, kwa vipimo na kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe, mkono ulikuwa unafanya zaidi kuliko wa wale waliopata huduma za kawaida. Watu wengi wanaikumbuka glavu. Sehemu isiyokumbukwa ni ile ya kuvusha: makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi kuhusu kazi ambazo mkono utafanya nyumbani, daftari la kila siku, na mazungumzo na mtaalamu kuhusu nini kimekwamisha jana. Mwaka 2008 walilinganishwa waliopata mazoezi yale yale, kundi moja likiwa na sehemu hiyo ya kuvusha na jingine likiwa bila. Waliokuwa nayo walizidi sana kwa matumizi ya mkono katika maisha yao halisi.

Kwa hiyo kuvusha ni kazi yenyewe. Inahitaji kupangwa na kupimwa kama tunavyopima nguvu za misuli. Hivi ndivyo ninavyoifanya.

Anza kwa saa moja ya kuangalia

Kabla ya kubadilisha chochote, pata picha ya ukweli. Chagua saa moja ya kawaida ambayo mtu ana shughuli: anapoamka na kujiandaa, au anapoweka nyumba sawa. Saa ya televisheni haifai, kwa kuwa hata mtu mzima wa afya hutumia mikono kidogo hapo.

Mwombe ruhusa. Sikubaliani na kumpeleleza mtu mzima kwa siri, hata kama nia ni njema. Mimi humwambia, "Wiki hii, saa moja ambayo sitakutajia, nitakuwa nahesabu mikono." Siku ya tatu anakuwa ameshasahau.

Gawa karatasi safu tatu. Safu ya kwanza: kazi iliyofanywa na mkono mzima peke yake. Ya pili: mkono mgonjwa peke yake. Ya tatu: mikono yote pamoja, hata kama mgonjwa ulishikilia tu. Kila tendo, mstari mmoja. Kuzungusha kitasa ni tendo, kushika glasi ni tendo, kusukuma kiti ni tendo. Usihesabu mkono kuning'inia ukipepea wakati anatembea, kwa sababu hapo haufanyi kazi yoyote.

Watu wazima wasio na tatizo hutumia mikono yao karibu sawasawa, hata kama mmoja ndio wa kuandikia. Kwenye vipimo vya vihisi, mkono usio wa kuandikia hufanya kazi takriban asilimia 95 ya muda wa mwenzake. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa vile tunadhani mkono wa kushoto wa mtu wa kulia ni msaidizi wa mara mojamoja. Angalia unavyofungua chupa, unavyokunja nguo, unavyovaa suruali, na utaona ni wawili muda wote. Ndiyo maana safu ya tatu ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Kwa Mama, ambaye mkono ulioathirika si wa kuandikia, humo ndimo kulikokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata nafuu.

Kama una saa mbili za mkononi zinazohesabu mienendo, zinaweza kuvalishwa mkono huu na huu kwa siku nzima na ukalinganisha. Zitakupa kiasi, ila hazitakwambia ni kazi gani. Karatasi itakwambia. Mimi nikilazimika kuchagua moja nachukua karatasi.

Pamoja na kuhesabu, muulize mwenyewe. Kuna dodoso linaloorodhesha kazi 30 za nyumbani, na kwa kila kazi mtu anajipa alama kutoka 0 hadi 5, mara moja kwa kiasi anachoutumia mkono na mara ya pili kwa ubora. Mtaalamu wako huenda analo. Ulinganishe majibu yake na hesabu yako bila kugombana. Mama alijipa 3 kwa kuwasha taa. Hesabu yangu ilisema 0. Hakuwa akidanganya, alikuwa akikumbuka ile mara moja aliyofurahi.

Chagua kazi tatu, zenye mahali na wakati

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi niliharibu pia. Nilimwambia Mama, "Jitahidi kuutumia zaidi mkono wa kushoto." Akaitikia. Hakuna kilichotokea. "Zaidi" haina mlango wala meza. Akili iliyozoea kupeleka mkono wa kulia hufanya hivyo kabla hujakumbuka ushauri wa mtu.

Tukakaa na kalamu. Mama mwenyewe alichagua, mimi nikauliza tu: ni nini kinakuudhi kwamba huwezi kukifanya kama zamani? Tukapata orodha ndefu, tukaichuja kwa mambo mawili. Kwanza, mkono uwe tayari unakaribia kuweza, maana kazi iliyo mbali mno itamrudishia yale yale ya kushindwa na kujifunza kutojaribu. Pili, kazi iwe inajirudia mara nyingi kwa siku yenyewe tu, bila kutengewa muda. Zilibaki tatu, na tuliziandika hivi:

Nikifika kwenye swichi ya taa ya korido, nitabonyeza kwa mkono wa kushoto.
Nikiosha kikombe, wa kushoto utakishika, wa kulia utasugua.
Nikivuta kiti kukaa mezani, nitavuta kwa mikono yote miwili.

Angalia zilivyoandikwa. Kila moja inaanza na kitu atakachokutana nacho kwa macho au kwa mkono, kisha tendo. Swichi ndiyo inayomkumbusha, siyo mimi. Tulibandika kipande cha utepe wa rangi kwenye swichi ile, na kingine kwenye mgongo wa kiti. Mama aliweka sahihi yake chini ya karatasi, nami ya kwangu. Nilidhani angeliona jambo hilo la kitoto, lakini aliikunja ile karatasi vizuri na kuiweka ndani ya kasha la miwani yake.

Kwa mkono usio na nguvu za kushika kabisa, kazi zipo bado: kuwa uzito juu ya karatasi huku ule mwingine ukiandika, kuegemea meza, kubana taulo kati ya mkono na mbavu, kusukuma droo ifunge. Zihesabu kama kazi kamili. Mkono unaokandamiza karatasi uko kazini.

Fanyia zoezi pale pale

Swichi ya ukutani haifanani na kitufe cha mazoezi kilichowekwa mezani mbele ya mtu aliyekaa. Swichi iko usawa wa bega, mtu amesimama, pengine ana haraka ya kwenda msalani, na kuna giza. Misuli ni ile ile ila kazi ni nyingine. Nilimsimamisha Mama kwenye korido yake na tukafanya pale pale.

Hivi ndivyo kikombe kilivyokuwa. Siku ya kwanza alikishika kwa vidole vilivyokakamaa, kifundo kimepinda kuelekea ndani, na kila alipoanza kusugua kwa mkono wa kulia, wa kushoto ulilegea na kikombe kikaangukia ndani ya beseni. Kilikuwa cha plastiki, nilikichagua kwa sababu hiyo. Niligundua kwamba shida haikuwa kushika. Alipokishika bila kusugua, alikaa nacho hata nusu dakika. Shida ilikuwa kuendelea kushika huku akili iko kwenye mkono mwingine. Kliniki hatukuwahi kumfanyisha hivyo. Kila mara macho na mawazo yake yote yalikuwa juu ya mkono wa kushoto. Basi tukaanza upya: ashike kikombe kikavu huku mkono wa kulia ukipitisha kitambaa mara moja tu, apumzike. Halafu mara mbili. Halafu tano. Halafu kikombe chenye maji. Halafu anisimulie habari ya jirani huku anasugua. Baada ya siku tisa kikombe hakikuanguka tena, na alikuwa hakiangalii.

Ukikwama kwenye kazi fulani, fanya hivyo: itazame kwa makini uone ni hatua gani hasa inayovunjika, kisha fanyia zoezi hatua hiyo peke yake ndani ya kazi yenyewe. Kurudi kwenye kubana mpira mara mia hakutamfundisha mkono kushika kikombe chenye utelezi wakati mwenye mkono anaongea.

Badilisha vitu kidogo kidogo ikishakaa sawa. Kikombe kikubwa, chembamba, chenye mpini, kisicho na mpini, beseni la chini, meza ya juu. Mkono uliozoea kikombe kimoja umejifunza kikombe kimoja.

Na marudio ni lazima yawe mengi. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliotazama vipindi 312 vya tiba katika vituo 7 vya Marekani na Kanada. Kwenye vipindi vilivyogusa mazoezi ya mkono kwa kazi halisi, wastani ulikuwa marudio 32 tu kwa kipindi. Mtu akienda mara mbili kwa wiki, hayo ni 64, na wiki ina mamia ya nafasi za kushika kitu nyumbani. Swichi, kikombe na kiti vilimpa Mama zaidi ya mara 40 kwa siku, bila kumtengea hata dakika moja.

Familia, tafadhalini subirini

Sehemu hii naiandika kwa uchungu kidogo, kwa kuwa kizuizi kikubwa kilikuwa upendo wetu. Kaka yangu alikuwa akimwona Mama anahangaika na kifungo cha shati, anafika, anakifunga. Mjukuu anamsogezea kiti kabla hajakigusa. Mimi, niliyesomea kazi hii, nilikuwa namkatia chakula sahanini bila kuulizwa. Kila tulipofanya hivyo tulikuwa tunamwambia mkono ule kwamba hauhitajiki.

Tulikubaliana sheria moja: hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusaidia, na ukisaidia, saidia hatua moja tu. Kama kifungo kimekataa kuingia kwenye tundu, nyoosha tundu, kifungo asukume yeye. Mjukuu ndiye aliyeishika sheria hii vizuri kuliko sote. Alikuwa akisema, "Bibi, mimi nahesabu," na Mama anajibu, "Hesabu polepole."

Muda pia ni msaada. Vifungo vitano vya shati vilimchukua Mama dakika kumi na moja siku za mwanzo. Asubuhi ya kwenda kliniki haiwezekani, na ni ukatili kumlazimisha. Tulichagua jioni, wakati hakuna anayesubiriwa. Mkono ukipewa haraka unamrudisha mwenzake kazini mara moja.

Kuufunga mkono mzima: lini na lini isiwe

Ukishasoma kuhusu glavu unaweza kutamani kuanza kesho. Ongea na mtaalamu kwanza. Tiba hii inahitaji mkono uwe na mwendo fulani, angalau kuweza kuinua kifundo na kunyoosha kidole gumba na vidole vingine viwili kama digirii 10. Asiye na mwendo huo atakaa wiki mbili akishindwa kwa mikono yote. Pia haifai kwa anayeshikilia fimbo kwa mkono mzima ili asianguke.

Kwa Mama tulitumia toleo dogo kwa makubaliano na mtaalamu wake: saa moja kila siku, akiwa amekaa mezani, mkono wa kulia ndani ya glavu nene ya kitambaa. Glavu inavuliwa kabla ya kusimama, kabla ya kugusa chochote cha moto, na wakati wowote yeye anaposema basi.

Usalama mwingine nautaja kwa kifupi lakini kwa msisitizo. Mkono usio na hisia haujui joto, kwa hiyo sufuria na pasi visiwe kati ya kazi zako tatu. Usimvute mtu kwa mkono uliopooza kumwinua, bega linaumia na likiumia kila kitu kinasimama. Maumivu ya bega yanayozidi siku hadi siku mpelekee mtaalamu. Na nguvu zikipungua ghafla, uso ukipinda au maneno yakivurugika, hiyo ni dharura ya hospitali saa ile ile.

Kwa upande wa kutembea

Mantiki ni ile ile. Kliniki hupima kasi kwenye mita 10 za sakafu iliyonyooka. Kipimo kizuri: anayezitembea kwa sekunde 12.5 ana kasi ya mita 0.8 kwa sekunde, na utafiti wa mwaka 1995 uliwaweka walio juu ya hapo kwenye kundi la wanaoweza kutembea nje kwa uhuru, na walio chini ya 0.4 kwenye kundi la kutembea ndani ya nyumba tu. Lakini nimekuwa na mgonjwa aliyefikisha 0.9 na hakuwa ametoka nje ya geti lake kwa wiki sita. Alikuwa akiogopa ukingo wa barabara. Tulitoka naye, tukapanda na kushuka ukingo ule mmoja tu mara ishirini, siku nne. Mazoezi ya nguvu za paja hayakuwa yamemsaidia kwa hilo, maana paja halikuwa tatizo.

Jambo la kuangalia nyumbani ni kutembea huku ukifanya kingine. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden waliwaangalia wazee 58 wa makazi ya kutunzwa. Wazee 12 walisimama kila walipoanza mazungumzo wakiwa wanatembea, na 10 kati yao walianguka ndani ya miezi 6 iliyofuata. Basi tembea na mgonjwa wako umsemeshe. Akisimama ili ajibu, usimlazimishe kuendelea. Hapo umejua kwamba kutembea bado kunamchukua akili yote, na zoezi lake linalofuata ni kutembea akiwa na mtu wa karibu wa kumdaka, akitaja majina ya wajukuu, halafu akibeba kitu chepesi, halafu akigeuza kichwa kutazama pembeni.

Hatua za siku nzima zihesabiwe pia. Vifaa vya mkononi mara nyingi hukosa hatua za anayetembea polepole. Kinachovaliwa kifundo cha mguu huhesabu vizuri zaidi.

Unachopaswa kumuuliza mtaalamu wako

Niulize mimi, muulize mwenzangu, usione haya. Uliza: alama hii iliyopanda, inamaanisha naweza kufanya nini nyumbani kuanzia leo? Uliza: tunaweza kutumia kipindi kimoja kati ya vinne kufanya kazi niliyoichagua mimi, kwa kitu changu mwenyewe nilichokuja nacho? Lete kikombe, lete shati lenye vifungo, lete picha ya ngazi zenu iliyopigwa kwa simu. Tangu nianze kuwaambia wagonjwa walete vitu vyao, chumba changu kinafanana na nyumba kuliko zamani na vipande vya mbao vinakaa kabatini hadi siku ya kupima.

Rudia hesabu ya saa moja kila baada ya wiki mbili, saa ile ile ya siku. Kazi ikishafanyika yenyewe siku tano mfululizo bila utepe, ifute kwenye karatasi na uweke nyingine. Kazi ikikataa kwa wiki tatu, ibadilishe bila lawama. Kuchana nywele kwa mkono wa kushoto kumemshinda Mama, bega halifiki, na kazi hiyo tumeiacha.

Baada ya wiki kumi nilirudia saa yangu ya kuhesabu. Kutoka mara 2, mkono wa kushoto ulifanya kazi mara 31, nyingi zikiwa kwenye safu ya tatu, mikono yote pamoja. Wiki hiyo hiyo kliniki alivusha vipande 26, viwili tu zaidi ya siku ile ya makofi. Faili lingesema hakuna kilichobadilika.

Sasa hivi tunahangaika na kitasa cha mlango wa bafu, cha mviringo, kigumu, kinachotaka kifundo kigeuke na vidole vibane kwa pamoja. Tumekizungushia raba ili kisiteleze. Asubuhi ya leo nilikuwa koridoni nikamsikia akikizungusha, kikafika nusu, mkono ukachomoka. Nikaanza kuhesabu hadi kumi. Nilipofika sita nikasikia kitasa tena, nikachungulia: ulikuwa ule ule wa kushoto.